Pingamizi Kuhusu Ukuta wa Mbele

Barua za serikali zina adabu ya ajabu: zinaanza kwa salamu, zinamalizia kwa "wako mtiifu," na kisu kinakaa katikati. Ile iliyomfikia Fundi Brashi asubuhi ya Jumatatu ilikuwa na aya tatu tu. Ilimjulisha kwamba daftari jipya la uthamini wa majengo limekamilika, kwamba nyumba yake imethaminiwa upya, na kwamba kodi ya jengo kuanzia mwaka ujao itafuata thamani hiyo. Chini palikuwa na jedwali dogo. Brashi alilisoma akiwa amesimama mlangoni, akalisoma tena akiwa ameketi, kisha akamwita mkewe naye alisome, maana huenda macho ya mtu mwingine yangeona namba yenye huruma zaidi.

"Mara nne," alisema mkewe. "Wameipandisha mara nne."

"Nimeona."

"Na hapa je, umeona? 'Aina ya kuta: mawe ya kuchonga, daraja la kwanza.'"

Brashi alichungulia chumba cha nyuma, alikopumzika mama mkwe wake, kisha akamshika mkewe mkono wakatoka mpaka kwenye bomba la uani, akafungulia maji yatiririke kwa kelele. Hapo ndipo walipoangua kicheko. Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu, naye Brashi akawa anajifuta machozi kwa ile barua. Walipomaliza kucheka waliikumbuka kodi, wakafunga bomba na kutazamana kama watu waliofiwa.

Kicheko hicho kina historia. Miaka thelathini na mmoja nyuma, Brashi alikuwa kijana mpaka rangi asiye na mbele wala nyuma, mwenye ndoo mbili, ngazi moja na mapenzi makubwa. Alipokwenda kuposa, mama wa binti hakutaka kusikia habari za mahari. Alitaka jambo moja tu. "Mimi nyumba ya udongo iliniangukia usiku wa mvua, nina huyu mtoto mgongoni," alimwambia. "Nilimtoa kwenye kifusi kwa mikono yangu. Simrudishi kwenye udongo. Jenga nyumba ya mawe, kisha uje umchukue."

Mawe ya kuchonga! Hata angepaka rangi mji mzima, na mbingu yake, asingepata fedha za mawe ya kuchonga. Alichoweza kununua ni matofali ya udongo. Basi akajenga kwa udongo, lakini kwa uangalifu wa mtu mwenye hofu: msingi aliuinua mpaka magotini, paa akalitokeza mbele ili mvua isiufikie ukuta, na ndani na nje kote akapiga plasta. Kisha akaugeukia ukuta wa mbele, akafungua makopo yake. Alipaka kijivu, akagongagonga juu yake kwa sifongo lenye rangi ya majivu na ya kahawia, akachora jiwe moja moja kwa brashi ya unywele, na chini ya kila jiwe, upande wa kulia, akatia kivuli chembamba. Alipomaliza, mbwa wa jirani alikuja akainua mguu penye pembe ya nyumba kwa heshima zote linazopewa jiwe. Mama mkwe alipokuja kukagua, alisimama barabarani, akatazama, akalia. Brashi akapewa mke.

Alikusudia kumwambia ukweli baada ya harusi. Halafu akakusudia kumwambia baada ya mtoto wa kwanza. Mambo ya kukusudia mnayajua wenyewe. Mtaa mzima ulijua, lakini nani ataingilia mambo ya mtu na mkwe wake? Kila mwaka rangi ilififia, na kila mwaka, kabla mama hajaja kuwatembelea, Brashi aliyachora mawe upya. Miaka sita iliyopita mama alihamia kwao, macho yakiwa yameanza kumwacha, ikawa Brashi anaifanya kazi hiyo katika lile juma moja la mwaka ambalo mama huenda kwa binti yake mkubwa. Mke naye alikuwa amepanda maua ya miiba chini ya ukuta wote, ili mkono wa mtu usije ukaupapasa.

Sasa serikali nayo ilikuwa imedanganyika, na tena kwa muhuri. Brashi hakuwa na pensheni, magoti yalianza kumgomea kwenye ngazi, na kwa kodi ile mpya wangeimaliza miaka miwili kwa kukopa na wa tatu kwa kuuza nyumba. Wangeishia kupanga vyumba kwa watu, wao na bibi kizee wao.

"Nenda ukapinge," mkewe alisema. "Ajizi nyumba ya njaa."

"Nikapinge kwa kusema nini?"

"Ukweli."

"Huo ndio unaonitia homa," alisema Brashi.

Kesho yake alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya uthamini. Daftari kubwa lilikuwa limewekwa wazi juu ya meza, na yeyote aliruhusiwa kulifunua aone nyumba yake imeandikwaje, na ya jirani yake pia, jambo lililofanya foleni isisogee kabisa. Nyuma ya meza alikaa karani mmoja mwanamke, kalamu ameichomeka kwenye nywele, na kwa kila mtu aliyefika mbele yake na kilio aliimba wimbo uleule.

"Kodi kubwa si sababu, baba. Huwezi kupinga kodi. Unapinga thamani. Tuonyeshe tulipokosea: vipimo si vyenyewe, vyumba havifiki idadi hiyo, au nyumba kama yako mtaa huohuo imeandikiwa nusu yake. Una siku thelathini tangu tarehe ya barua. Fomu ni hii, haihitaji wakili, inahitaji ushahidi. Anayefuata!"

Brashi alipofika alivuta kiti karibu mno na meza. "Binti yangu, hili pingamizi linasikilizwa faraghani?"

"Hadharani. Wajumbe wa baraza watakuja kwako kuona, watakusikiliza palepale, na mthamini aliyeandika naye atakuwepo ajitetee."

"Hata kama ni jambo la aibu?"

Karani alimtazama kwa upole. "Baba, mwezi uliopita alikuja bwana mmoja kupinga kwa sababu tulichoandika kuwa nyumba ya wageni ni banda lake la mbuzi. Hatukucheka."

"Hamkucheka?"

"Mpaka alipotoka."

Brashi akaichukua fomu. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: *Ukuta wa mbele hauko kama unavyoonekana.* Karani akaisoma juu chini, akatikisa kichwa. "Uko vipi basi?"

"Ni kazi ya mkono."

"Kuta zote ni kazi ya mkono, baba. Mimi siwezi kupeleka kitendawili mbele ya baraza."

Brashi akageuka akaitazama foleni, kana kwamba mama mkwe angeweza kuwa amesimama humo kati ya wenye nyumba wengine. Kisha akauzungushia mkono mmoja ile karatasi, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu, akaandika: *Si mawe. Ni matofali ya udongo yaliyopakwa rangi.* Karani alisoma, akachomoa picha kwenye faili, akaisogeza machoni, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Hii?" alisema. "Hii hapa ni rangi?"

"Ndiyo."

"Umepaka wewe?"

"Mimi," alisema Brashi, na pamoja na hofu yake yote alihisi shingo ikinyooka kidogo. Karani akagonga muhuri kwenye fomu, akampa nakala.

Siku ya baraza kuja ilipangwa Alhamisi, saa kumi jioni. Mke alitengeneza mpango ambao hata jenerali asingeukosoa: Jumatano mama angepelekwa kwa binti yake mkubwa, Alhamisi ukuta ungekiri mbele ya serikali, Ijumaa Brashi angeziba palipokwanguliwa, na Jumamosi mama angerudi kwenye nyumba yake ya mawe, kila mtu salama. Walikosea kitu kimoja tu. Walikuwa wamesahau kwamba macho ya bibi yule yalikuwa yamestaafu, lakini masikio bado yalikuwa kazini, tena zamu mbili.

"Niende wapi?" alisema mama Jumatano, akiwa ameketi kitandani na begi lake tupu. "Wageni wa serikali wanakuja kutazama nyumba ya mawe ya mwanangu, halafu mimi niende kwa watu kunywa chai? Toeni kitenge changu kile cha arusi."

"Mama, ni watu wa kodi tu," alijaribu binti yake.

"Hao ndio watu wa kukaa nao vizuri."

Basi Alhamisi saa kumi alikuwa kwenye kiti chake kibarazani, amejifunga kitenge, mkongojo magotini, anangoja serikali. Brashi alikuwa amejificha jikoni, anakunywa maji glasi baada ya glasi.

Walikuja watatu. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mnene mwenye mwavuli na viatu vya kutembelea, katibu alibeba daftari, na mthamini alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kamera kifuani, na uso wa mtu aliyetuhumiwa wizi. Kwake hili halikuwa suala la kodi. Alikuwa ameambiwa kwa maandishi kwamba hajui jiwe.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza hata kabla ya salamu kuisha, "nina miaka kumi na tano katika kazi hii. Nimethamini viwanda, nimethamini mahakama. Jiwe nalijua. Tazama hilo, tazama lilivyokatika pembeni. Tazama lile lenye ufa."

Lile lenye ufa Brashi alilipenda kuliko yote. Lilimchukua siku nzima.

"Ulilipimia wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Barabarani. Kuna maua ya miiba. Lakini jiwe halihitaji kupapaswa, mheshimiwa."

Mwenyekiti akamgeukia Brashi. "Mwenye pingamizi, tueleze."

Brashi alifungua mdomo. Hatua tatu kutoka alipo, mkongojo wa mama mkwe ulikuwa umeacha kuchezacheza. Akafunga mdomo. Badala ya kusema, alimwonyesha mwenyekiti kwa kidole jua lililokuwa likielekea kuchwa upande wa kulia, kisha vivuli vya mawe, ambavyo navyo vilikuwa vimelala upande wa kulia, maana alivichora kwa jua la asubuhi. Kivuli kinachotazama jua! Alinyoosha kidole huku na huku, akikodoa macho, akiinua nyusi.

"Fundi, una kizunguzungu?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Ningeomba tusogee pale nyuma, tuzungumze."

"Baraza halinong'oni. Sema hapahapa."

"Nimeshaandika kwenye fomu."

"Basi katibu atusomee," alisema mwenyekiti, na katibu, ambaye Mungu alikuwa amempa sauti ya muadhini, akasoma: "Si mawe. Ni matofali ya udongo yaliyopakwa rangi."

Mke wa Brashi alifumba macho. Lakini kibarazani hakukuwa na kilio. Kulikuwa na kicheko, na kilikuwa cha mama mkwe.

"Msimsikilize huyu," alisema, akiinuka kwa mkongojo. "Mkwe wangu ana unyenyekevu wa kupita kiasi. Miaka thelathini na mmoja sijamsikia akijisifu hata kwa kikombe cha chai. Nyumba hii ni ya mawe. Mimi ndiye niliyeyataka, na mimi ndiye niliyekuja kuyakagua kwa macho yangu, wakati yakiwa macho. Mwanangu sikumtoa hivihivi. Andika hapo, kijana: mawe!"

"Asante sana, mama," alisema mthamini, na sauti yake ilitetemeka kwa shukrani.

Hivyo ndivyo Brashi alivyojikuta ameshindwa kesi kwa ushahidi wa mtu anayempenda. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kalamu. "Fundi, sheria ni moja. Anayepinga ndiye anayethibitisha. Kama huna la kutuonyesha, thamani inabaki palepale, na hatutakuja mara ya pili. Una ushahidi au huna?"

Brashi aliitazama nyumba. Aliwaza vyumba vya kupanga, na mama huyu akipapasa kuta za watu asizozijua kutafuta mlango wa choo. Aliwaza pia sura yake ya siku ile barabarani, alipolia kwa furaha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, naye alikuwa ameyavulia mpaka soksi. Akaingia ndani, akatoka na kwangulio lake la chuma, akakanyaga maua ya mkewe, miiba ikamchana suruali na mguu pia, akasimama mbele ya lile jiwe lenye ufa.

"Mama, nisamehe," alisema, akakwangua.

Rangi ilitoka kwa matabaka kama vitunguu: kijivu, kahawia, kijivu, majivu, mwaka juu ya mwaka. Kisha plasta ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake tofali jekundu la udongo likatokeza uso. Brashi aliligusa kwa ncha ya chuma, na udongo ukamwagika juu ya majani, taratibu, kwa sauti ndogo ya kuchururika.

Mthamini aliishusha kamera yake.

"Ni nini hicho kinachomwagika?" mama aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha kwamba anajua. Sauti ile aliwahi kuisikia usiku mmoja, na mtu haisahau.

"Ni udongo, mama," alisema Brashi. Hakuthubutu kugeuka. "Ni udongo wote, kuanzia msingi hadi paa. Sikuwa na fedha za mawe. Nilikuwa na brashi tu, na nilimtaka mwanao. Nikakudanganya, nikaendelea kukudanganya."

"Na wewe ulijua?" mama alimuuliza bintiye.

"Nilijua, mama. Nilimshikia ngazi."

Mama alishuka kibarazani mwenyewe, ngazi moja baada ya nyingine, akimsukuma kando katibu aliyetaka kumsaidia. Alifika kwenye maua akayapiga kwa mkongojo mpaka yakampisha. Akanyoosha mkono, akaupapasa ukuta: hapa palipokwanguliwa, halafu hapa penye rangi, halafu tena penye udongo. Alichukua muda mrefu.

"Rangi ni nene," alisema mwishowe. "Umepaka mara ngapi?"

"Kila mwaka. Kabla hujaja kututembelea, na siku hizi ukienda kwa dada."

"Kila mwaka? Na hizo nyufa za mvua ulikuwa unaziziba?"

"Nazitafuta moja moja, mama. Nilikuwa nakumbuka ulichoniambia. Sikulala mvua yoyote bila kuzunguka nyumba kwanza."

Mama alibaki na kiganja chake ukutani. Brashi akajua sasa inakuja laana, akainamisha kichwa kuipokea kama mtu mzima.

"Nimelala kwenye udongo miaka sita," alisema mama, "na sikuota ndoto mbaya hata moja. Mwenye mawe hujenga mara moja, akaenda zake. Wewe, baba, umenijengea mara thelathini na moja." Kisha akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, mkongojo ukaanguka, na Fundi Brashi, mwenye wajukuu wanne, akalia mbele ya baraza zima la serikali.

Mwenyekiti alisafisha koo, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mwavuli. Alipokipata alisema kwamba uamuzi rasmi utakuja kwa barua ndani ya majuma mawili, lakini haoni sababu ya kuwalaza watu na homa: daftari litarekebishwa liandikwe matofali ya udongo, na thamani itarudi karibu na ilipokuwa. Katibu akaandika. Mthamini naye alikuwa ameingia mzimamzima kwenye miiba, pua imegusa ukuta, anakwaruza jiwe la jirani kwa ukucha. "Na hili pia!" alisema. "Na hili!" Alipotoka humo alimpa Brashi mkono, akamvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana nafasi mwezi ujao, maana nyumbani kwake kuna ukuta unaotazama kwa shemeji zake.

Jumamosi Brashi alichanganya rangi zake uani, kwa mara ya kwanza bila kuchungulia nyuma. Mama mkwe aliamuru kiti chake kishushwe kibarazani kiwekwe karibu kabisa na ngazi ya mkwewe, na kuanzia saa tatu asubuhi akawa msimamizi wa kazi. Alitaka kujua kila kopo lina rangi gani na inakwenda wapi. Alitaka lile jiwe lenye ufa lirudishwe na ufa wake. Jua lilipopanda alisema fundi apewe maji, akapewa.

Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa heshima ambaye kwa miaka yote alikuwa hodari wa kunyamaza, alipita na kikapu chake akasimama kuwasalimu. Alipomaliza kuuliza habari za watu, akauliza kama kawaida yake, "Na nyumba ya mawe je, mama, haijambo?"

Brashi akaacha brashi hewani.

"Si ya mawe hii," alisema mama mkwe, kwa sauti ya kufika barabarani. "Ni ya mkwe wangu."